Viwanja vya Aina Mbili

Lugha yetu hutuumbua pale tusipotarajia. Kiwanja ni mahali pa kuchezea. Kiwanja pia ni kipande cha ardhi cha kujengea nyumba. Dodoma, maana ya pili inaimeza ya kwanza.

Nianze na Uwanja wa Jamhuri, maana ndio unaosifiwa. Timu ya Dodoma Jiji, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, imeutumia kama nyumbani. Hapo Rais John Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2020. Na hapo hapo, kabla miezi mitano haijatimia, tarehe 22 Machi 2021, taifa lilimuaga. Siku ile Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alinyamaza katikati ya hotuba yake hadi adhana ilipokwisha, na uwanja mzima ukanyamaza naye. Uwanja unaoweza kubeba shangwe, kilio na ukimya kama ule si wa kubezwa.

Hata hivyo, ndugu msomaji, uwanja wa mji haupimwi kwa siku kuu tu. Mcheza mpira hazaliwi kwenye jukwaa la wageni rasmi. Huzaliwa mtaani, kiangazi, upepo ukivuma na vumbi jekundu likiingia machoni, akiukimbiza mpira wa makaratasi na kamba, magoli yakiwa ni mawe mawili. Hapo ndipo penye mizizi; Jamhuri ni matawi.

Mizizi hiyo ndiyo tunayoikata. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa dhati, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, kila penye uwazi pameonekana kama pamelala bure. Mwaka huo wa 2016 Mfalme Mohammed VI wa Morocco naye aliahidi kutujengea uwanja mkubwa wa mpira, nasi tulishangilia, na haikuwa vibaya kushangilia. Lakini nani atacheza humo?

Simo nje ya lawama. Kiwanja nilichonunua mimi kilikuwa na milingoti minne ya miti, miwili huku na miwili kule. Niliing'oa kwa mkono wangu siku ya kuchimba msingi. Watoto walisimama pembeni wakitazama, mpira wao kwapani, wala hawakusema neno. Jioni wakaenda kucheza barabarani.