Mpango wa Lamu: kuta zimelindwa, sasa ni zamu ya matuta

Mji wa kale wa Lamu una hekta 16 tu, lakini maji yanayouweka hai yanatoka nje kabisa ya hekta hizo: kwenye matuta ya mchanga ya Shela, kusini-mashariki mwa kisiwa. Hifadhi ya mji huu ni miongoni mwa kazi za mipango zilizofanywa kwa umakini mkubwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Inafaa tuichambue: ilifanywaje, kwa nini ilifaulu kwenye majengo, na kwa nini mbinu ileile haina budi kupelekwa kwenye mchanga kabla visima havijaingia chumvi.

Kazi ilianza kwa kupima

Katikati ya miaka ya 1970 msanifu majengo Usam Ghaidan alizichunguza nyumba za mawe za Lamu na kuzichora, akaeleza mitaa ilivyokaa na nyumba zilivyogawanywa ndani. Baada yake Francesco Siravo na Ann Pulver waliandaa mpango wa hifadhi, ambao Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliuchapisha mwaka 1986. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 serikali ikauweka mji chini ya ulinzi wa sheria ya mambo ya kale, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mpangilio huo una maana yake: wataalamu walipima na kuelewa kwanza, sheria ikafuata, sifa ya kimataifa ikaja mwisho. Miji mingi huanza na kibao cha sifa, halafu ndipo hutafuta ramani.

Walichokielewa ni namna nyumba ya Lamu inavyobeba uzito wake. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari imelazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, kwa kawaida haifiki mita tatu, na ndiyo sababu vyumba ni vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine. Mlangoni pana daka la kumpokea mgeni kabla hajaingia ndani. Juu ya ujia hupita wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili za jamaa bila mtu kuteremka chini.

Sasa chukua ukuta huo, uondoe boriti, umwage slabu ya zege. Uzito mpya unakaa juu ya ukuta ambao haukujengwa kwa ajili yake. Ukipiga lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya muda lipu inabambuka na jiwe linaanza kumong'onyoka. Kwa hiyo sharti la kutumia chokaa na boriti linatokana na uhandisi, hata kama mwenye nyumba analiona kuwa ni mapenzi ya wasomi kwa mambo ya kale. Kanuni inayoeleza sababu yake hutetewa hata na fundi mwenyewe, kwa kuwa anajua akiivunja ataitwa kurudia kazi.

Jambo la pili lililosaidia ni kuwa usimamizi uliwekwa palepale mjini, mahali ambapo mtu anaweza kuulizwa leo kuhusu dirisha linalovunjwa leo. La tatu ni kuyapa majengo kazi mpya. Ngome, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa gereza hadi 1984, ndipo ikakabidhiwa Makumbusho na kuwa mahali pa maonyesho na mikutano ya wenyeji. Jengo lenye watu ndani yake halihitaji mlinzi mkali, kwani wanaolitumia ndio wanaouona ufa wa kwanza.

Mstari uliishia wapi

Mstari wa hekta 16 ulifuata kuta, na kwa majengo ulitosha. Lakini maji hayafuati kuta. Visima vingi ndani ya mji wa kale viko karibu na mashimo ya vyoo, na maji yake si ya kutegemewa kwa kunywa. Mji ukageukia Shela.

Matuta yale yana siri rahisi. Mchanga hufyonza mvua kabla haijapata nafasi ya kutiririka baharini. Maji hayo yanashuka na kutulia juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, yakielea juu yake kama mafuta kwenye bakuli la maji, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Tofauti ya uzito ni ndogo, asilimia mbili na nusu hivi, na humo ndimo ilimo hatari. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kanuni yake: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, yapo mengine yapatayo mita 40 chini ya usawa huo.

Tufanye hesabu ndogo. Maji kisimani yakiwa nusu mita juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna tabaka la maji matamu la takriban mita 20. Pampu ikishusha usawa huo kwa sentimita 10 na kuuacha hapo, mpaka wa chumvi utapanda polepole kwa mita 4 hivi. Mtu anayechungulia kisimani haoni badiliko lolote, wala kamba ya ndoo haijarefuka. Siku anayoonja chumvi, kosa lilikwisha kufanyika zamani, na kulirekebisha kunahitaji mvua za miaka.

Ng'ambo ya maji, kisiwani Manda, yako magofu ya Takwa, mji uliostawi karne za 16 na 17 kisha ukahamwa. Sababu inayotajwa zaidi ni visima vyake kuingia chumvi, na wenyeji wake wakavuka kwenda Shela. Watu wa Shela hurudi Takwa hadi leo kuomba dua ya mvua. Kwa hiyo watu wa Lamu hawana haja ya kufundishwa na mhandisi wa kutoka mbali kwamba maji yanaweza kuuhamisha mji.

Mbinu ya mawe ihamie kwenye mchanga

Si kweli kwamba matuta yameachwa bila sheria. Yanatambuliwa kuwa chanzo cha maji na yana ulinzi wa serikali. Hata hivyo, kwa miaka mingi wakazi wamelalamikia viwanja vinavyogawiwa na majengo yanayoinuka ndani ya eneo hilo. Tatizo ni aina ya kipimo kinachotumika. Afisa anaulizwa kama mwombaji ana hatimiliki na kama mchoro wake una mwonekano wa Kiswahili. Nyumba inaweza kutimiza yote mawili, ikawa na chokaa na madaka mazuri, na bado ikachimba kisima chake, ikajaza bwawa la kuogelea, ikamwaga maji machafu kwenye mchanga uleule unaochuja maji ya mji mzima.

Kipimo kinachofaa ni usawa wa maji na kiwango cha chumvi. Visima vichache vya uchunguzi, vinavyosomwa kila mwezi, vingetosha kuonyesha mwelekeo. Uvutaji usambazwe kwenye visima vingi vifupi badala ya pampu chache zenye nguvu, kwa sababu pampu kali huvuta chumvi kwenda juu mahali palepale ilipo. Mimea inayoshika mchanga isikatwe, na mchanga wenyewe usichotwe kwa ujenzi. Mashimo ya maji machafu yasiruhusiwe ndani ya eneo la chanzo. Na kila jengo jipya la Shela na Lamu livune mvua ya paa lake, kama nyumba za kale zilivyojua kuweka maji kwenye birika.

Vyombo vya kisheria vipo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya ardhi, na Lamu ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuuandaa, kwa kipindi cha 2016 hadi 2026. Kipindi hicho kinakwisha wakati gati za bandari mpya ya bara, ya kwanza ikiwa imefunguliwa mwaka 2021, zinatarajiwa kuleta watu zaidi. Mpango utakaofuata ndiyo nafasi ya kuandika, kwa tarakimu, kiasi cha maji ambacho matuta yanaweza kutoa kwa mwaka, na kukifanya kiasi hicho kuwa kikomo cha vibali vya ujenzi. Wapangaji wa Lamu waliwahi kuzichunguza kuta kabla ya kuzitungia kanuni, na zimesimama. Mchanga wa Shela unastahili uchunguzi wa namna hiyo, na usomaji wa visima ubandikwe hadharani kila mwezi ili mwananchi anayepinga kibali awe na tarakimu mkononi.