Upandikizaji wa uloto: Mloganzila walianzia pabaya

Mwishoni mwa 2021 hospitali ya Mloganzila walipoanza kupandikiza uloto, nchi nzima ilipiga makofi. Kazi ya wauguzi na maabara sina neno nayo. Kilichokosewa ni kuanza na seli za mgonjwa mwenyewe, kwa wenye mayeloma, saratani ya uloto, na nitalisema hili mpaka mnichoke.

Mliofuatilia mnajua mchezo wenyewe. Unavuna seli shina za mgonjwa, unampiga melfalani ya kuua uloto, kisha unamrudishia zilezile. Mayeloma inatulia, haing'oki. Na melfalani ni ukoo mmoja na saiklofosfamidi: dawa zinazoweza, miaka 5 hadi 10 baadaye, kuzaa saratani nyingine ya damu, kromosomu ya 5 au ya 7 ikiwa imepotea. Mgonjwa huyo akirudi, seli zake hazimfai, maana kilichoharibika ni uloto wenyewe. Tumaini la kupona kabisa liko kwenye uloto wa mtu mwingine, ambao kinga yake inayawinda mabaki ya saratani. Huo ndio mlango tulioupa kisogo.

Wataniambia seli za mwenyewe hazimshambulii mwenyeji. Kweli. Lakini 2023 hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, walipandikiza watoto wenye sikoseli kwa uloto wa ndugu zao. Kumbe iliwezekana!

Na ndugu ndio utajiri wetu. Wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa kwa aina ya tishu. Wakiwa watano, uwezekano wa kumpata walau mmoja unapita asilimia 75. Akikosekana, anayelingana nusu anafaa: Johns Hopkins walionyesha kwamba saiklofosfamidi ileile, ikitolewa siku ya 3 na ya 4 baada ya kupandikiza, inatuliza ugomvi wa seli za mtoaji na mwili wa mgonjwa.

Kuanza na seli za mwenyewe ni kuchagua wepesi; Kanda ya Ziwa tumezoea madaktari wa namna nyingine. Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, na wenzake Williams na Nelson, walikula maili 10,000 za barabara mwaka 1961 wakiulizia uvimbe wa taya hospitali kwa hospitali. Ugonjwa ndio uliowapangia njia, si wepesi wa kazi.

Nasi njia tunayo: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko. Ndugu wa Sengerema anawahi hospitali ya Bugando, Mwanza, asubuhi. Basi atolewe damu ya kipimo cha ulinganifu wiki ileile mgonjwa anapogundulika, asisubiri kemo ishindwe kwanza.