GPSMAP 67i Imetua Mkononi: Mashine ya Vitaluni!

Jamani, saa 165! Ndivyo Garmin wanavyoahidi kwa betri ya GPSMAP 67i, GPS ya mkononi, huku ikituma mahali ulipo kila baada ya dakika 10. Hiyo ni karibu wiki nzima bila chaja, na ukiiweka katika hali ya safari ndefu inafika saa 425. Aliyewahi kulala kwenye vitalu vya uwindaji vya kusini mwa Tanzania, ambako umeme ni wa jua na mtandao wa simu ni wa kutafuta kileleni, anajua uzito wa namba hizo.

Halafu vitufe. Vitufe halisi! Kioo cha kugusa hukataa kidole chenye jasho, vumbi au damu ya mnyama anayechunwa. Hapa unabonyeza bila hata kutazama. Kioo ni cha inchi 3, na jua la saa saba mchana likikipiga ndipo kinaposomeka vizuri zaidi.

Usahihi wake ndio ulionishika. Inapokea masafa mawili, L1 na L5, kutoka GPS ya Marekani, Galileo ya Ulaya na mifumo mingine. Kwenye miombo iliyopukutisha majani huenda usione tofauti. Shuka korongoni, au ingia msitu wa kando ya mto ambako mawimbi hugonga miamba kabla ya kukufikia, na masafa ya pili yanalipa gharama yake. Nyati aliyejeruhiwa ameingia kichakani na giza linatanda: unatia alama ilipoonekana damu ya mwisho, na alfajiri mfuata nyayo anaanzia palepale.

Na mipaka! Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda, uwe na leseni au usiwe nayo. Ramani za zamani za 1:50,000 hazina mpaka huo. Tena zilichorwa kwa mfumo wa marejeo ya ramani uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutoka kiwandani ikitumia WGS 84. Ukinakili namba za ramani ile bila kubadili mfumo, alama yako inakaa takriban mita 300 kando ya mahali pake. Arc 1960 imo kwenye mipangilio ya kifaa hiki! Ichague, ingiza alama zako, kisha rudi WGS 84. Alama za mpakani ziwekee kengele ya ukaribu, ilie kabla hujavuka.

Herufi “i” ndiyo ujumbe na SOS kupitia setilaiti za Iridium, bila simu kabisa. Ada yake hulipwa kwa mpango wa usajili, kwa hiyo kambi yenye simu ya setilaiti inaweza kutosheka na GPSMAP 67 ya kawaida, ambayo betri yake hudumu saa 180. Asiye na sola aitazame GPSMAP 65s: hudumu saa 16 tu, lakini hula betri mbili za AA, na hizo zinauzwa hadi duka la kijijini.

Mimi nachukua 67i. Mfuata nyayo akipigwa pembe mbali na gari, SOS inaondoka pale pale alipolala, pamoja na namba za mahali hapo.