Athene kwa Macho ya Mtoto wa Busia

Mtoto aliyekulia Busia haelezwi mpaka ni kitu gani. Anaijua forodha, na anazijua njia za panya. Amesikia kwamba jina bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu, enzi za baiskeli zilizovusha abiria kutoka kizuizi cha Kenya hadi cha Uganda. Mpe mtoto huyo riwaya inayohusu Ugiriki ya kale, na hapo ndipo utakapomjua mwandishi fundi.

Asiye fundi huanza na somo: orodha ya miungu, nguzo za mahekalu, majina ya wanafalsafa. Kufika ukurasa wa kumi, mtoto ameshatoka kwenda kucheza. Fundi hutanguliza mtu mwenye haja. Mwingereza Geoffrey Trease, katika The Crown of Violet ya mwaka 1952, anatupatia Alexis, kijana wa Athene anayetamani kutunga mchezo wa kuchekesha ushindanishwe mbele ya mji mzima. Basi. Mengine yote yanaifuata haja hiyo. Tunajua jinsi mashindano ya michezo yalivyoendeshwa kwa sababu tunamhofia Alexis asije akashindwa. Hata Socrates anaingia kama mzee wa mtaani anayependa kuuliza maswali.

Lakini ninachokirudia kila mara ni jinsi alivyomweka msichana. Mabinti wa raia wa Athene walifungiwa ndani. Mwandishi mvivu angemwacha binti azurure kama yuko mjini leo. Mwoga angemwondoa kabisa kitabuni. Trease anamlea Corinna katika nyumba ya wageni, mikononi mwa mama wa kuja, asiyebanwa na adabu za mabwanyenye. Historia haikuvunjwa, na hadithi imepata miguu. Seremala mzuri hulitazama jicho la ubao kabla ya kushika msumeno, kisha akaligeuza upande ambao halitadhuru.

Trease alikataa pia kuwasemesha watu wa kale lugha ya kale ya kuigiza. Mtego huo upo kwetu vilevile: anayeandika Kiswahili hudhani uzee wa mhusika unatokana na maneno ya tenzi. Mgiriki wa mwaka 400 K.K. hakujiona wa kale. Alizungumza na mama yake kama wewe unavyozungumza na wako.

Kazi kubwa zaidi ni kuchagua kitu kimoja kati ya mia unavyovijua. Nyumba za Athene zilijengwa kwa matofali mabichi ya udongo, ndiyo maana mwizi wa usiku aliitwa mchimba ukuta. Neno hilo moja linamtosha msomaji wa Tororo, ukuta anaujua. Au chukua wafanyabiashara wa Megara, mji jirani, waliopigwa marufuku kuingia masoko ya Athene. Katika mchezo wa Aristophanes wa mwaka 425 K.K., Mmegara aliyebanwa na njaa anawatia binti zake wawili guniani na kuwauza kama watoto wa nguruwe, mara anatokea mchongezi kusema hiyo ni bidhaa ya adui. Msomaji wa Busia atacheka kabla hujamweleza magendo ni nini, na baada ya kicheko ataiona njaa iliyomfikisha baba yule hapo. Mwandishi amenyamaza, na msomaji ameelewa mambo mawili kwa mpigo.

Kama ufundi huu unaweza kutufikisha Athene, unaweza kutufikisha kwenye vilima vya Samia. Vilima vile viliyeyusha chuma, na majembe ya wahunzi wake yaliuzwa kwa majirani kabla mtu hajachora mstari wa kutenganisha Kenya na Uganda. Masimulizi ya Wapadhola wa Tororo, mwanahistoria Bethwell Ogot aliyakusanya na kuyachapisha katika historia yake ya Waluo wa Kusini mwaka 1967. Mali ghafi ipo. Ewe mwandishi utakayeithubutu kazi hiyo, usianze na tarehe wala majina ya koo. Mkalishe mtoto kwenye mvukuto, makaa yakimuunguza vidole, baba yake akimkemea asiache kupuliza, na yeye moyoni akitaka kuwa mahali pengine kabisa. Tutamfuata.