Heko, Wachapaji wa Rangi

Kalenda kwa kinyozi, bango la mgombea kwenye kuta za Mutindwa, kitabu cha picha alichokuja nacho mtoto kutoka shuleni: hapa mtaani Umoja, Nairobi, vitu hivi tunaviona kila siku, bila kuwafikiria mafundi waliovichapa. Leo nawapongeza.

Ufundi wao una asili yake Ujerumani. Mwaka 1796 Alois Senefelder aligundua kwamba mchoro wa mafuta juu ya jiwe la chokaa lililoloweshwa maji hushika wino, na sehemu nyingine huukataa. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann wa Ufaransa akapata hataza ya uchapaji wa rangi kwa mbinu hiyo, kila rangi na jiwe lake. Siku hizi jiwe limekuwa bamba jembamba la alumini, lakini siri ni ile ile: mafuta na maji hayapatani.

Rangi ni nne: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Tazama bango kwa lenzi, utaona nukta tupu. Jicho ndilo linalozichanganya. Bamba likisogea kidogo tu, midomo ya mgombea huwa miwili miwili. Hapo fundi huchomoa karatasi, hukagua alama za pembeni, hurekebisha, hujaribu tena. Uvumilivu huo nauheshimu kuliko mashine yoyote.

Jina la kampuni ya uchapaji ya Kenya Litho, ya Barabara ya Changamwe, limo katika vitabu vingi tulivyosomea. Ukifungua kitabu, soma pia jina la mchapaji. Na ukimpelekea kazi ya rangi, mpe muda wa kutosha na umlipe kwa wakati.