M3 GMC uso kwa uso: mzinga wa 1897 mgongoni mwa haftraki

Mtutu kwanza! Kabla ya injini, kabla ya minyororo, kabla ya kitu kingine chochote, simama mbele ya gari hili uutazame mtutu ulivyochomoza juu ya boneti. Tangu utotoni nimekuwa nikizikodolea macho picha za M3 Gun Motor Carriage, haftraki ya Kimarekani iliyobebeshwa mzinga wa milimita 75 ikawinde vifaru. Sasa nimeliona lenyewe, kwenye maonyesho ya magari ya kijeshi kusini mwa England, nikaruhusiwa kuvuka kamba na kupanda juu. Jamani! Picha zote zile hazikunionyesha hata nusu yake.

Kwa asiyelijua, haftraki ni gari lenye magurudumu mbele na minyororo nyuma. Mbele unakata kona kama dereva wa lori, nyuma unashika mchanga na tope kama kifaru. Majeshi mengi yalikuwa nazo katika Vita vya Pili vya Dunia, na nyingi zilibeba askari tu. Hii ilibeba mzinga, tena mzinga mkubwa kuliko inavyostahili gari la ukubwa huu, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio.

Panda nami basi. Bati la chuma linalokinga kioo cha mbele limelazwa juu ya boneti ili kuupisha mtutu. Mtutu wenyewe unapita katikati, dereva upande mmoja na mwenzake upande wa pili. Hebu fikiria mlio wa milimita 75 ukipasuka hapo, hatua moja tu kutoka sikioni! Nyuma yao kuna ngao ya chuma, na nyuma ya ngao ndiyo ofisi ya wapigaji. Gari zima lilikuwa na watu watano na makombora 59. Nimesimama mahali pa mpakiaji nikanyoosha mikono: kila kitu kipo karibu, hakuna hatua ya bure.

Kisha nikashika mkono wa kufungulia mlango wa mzinga. Hapa niliganda. Bonge la chuma zito lile halivutwi wala halisukumwi. Linazunguka mahali pake, tundu lililo pembeni mwa bonge linakuja sambamba na mtutu, na njia ya kombora iko wazi. Unarudisha mkono, imefungwa. Mwendo mmoja! Chuma kimelainika kwa kushikwa na vizazi vya watu, na bado kinateleza kana kwamba kimetiwa mafuta asubuhi hiyo.

Ule ni ufundi wa 1897. Mzinga huu ni wa Kifaransa, ule uliowashangaza wapiga mizinga wa dunia nzima. Mizinga ya kabla yake ilipiga teke kila ilipofyatuliwa, magurudumu yakarudi nyuma, na watu wakalazimika kuusukuma mzinga mahali pake na kulenga upya. Wafaransa wakaweka chini ya mtutu chombo chenye mafuta na hewa iliyobanwa: mtutu unarudi nyuma peke yake zaidi ya mita moja, hewa inausukuma kurudi mbele, na gari la mzinga halitikisiki. Makombora 15 kwa dakika yakawa jambo la kawaida kwa watu waliofunzwa vizuri. Wamarekani waliuchukua katika Vita vya Kwanza, wakaendelea kuutunza kwenye maghala yao.

Mwaka 1940 vifaru vya Ujerumani viliiangusha Ufaransa kwa wiki chache tu. Huko Marekani wakubwa wa jeshi walishtuka: nani atavizuia vifaru hivi, na kwa silaha gani inayoweza kukimbia navyo? Kuunda kitu kipya kabisa kungechukua muda mrefu. Lakini mizinga ya 75 ilikuwepo ghalani, na haftraki ya M3 ilikuwa imeanza kutoka viwandani. Wakaviunganisha! Jaribio likapewa jina la T12 mwaka 1941, na kabla mwaka huo haujaisha, gari 50 zilikuwa zimeshafika Ufilipino. Zikapigana na Wajapani waliotua Luzon Desemba hiyohiyo. Nitajieni silaha nyingine iliyotoka kwenye karatasi hadi vitani kwa kasi hiyo.

Na mwendo je? Injini ni White ya silinda sita, lita 6.3, inakunywa petroli, nguvu farasi 147. Gari lina uzito wa tani tisa hivi na lilipita kilomita 70 kwa saa kwenye barabara nzuri. Walipoiwasha pale uwanjani sauti haikuwa ya kifaru hata kidogo. Ilikuwa sauti ya lori zuri lililorekebishwa tayari kwa safari ndefu. Magurudumu ya mbele nayo yanavuta, hayafuati tu. Haftraki za Ujerumani za Sd.Kfz. 251 hazikuwa na hilo: mbele yao iligeuza tu, na kazi yote ya kusukuma ikabaki kwa minyororo. Wajerumani nao, mwishoni mwa vita, waliipandisha PaK 40 yao ya milimita 75 juu ya 251. Ule ni mzinga mkali kuliko huu, sibishi. Ila waliutwika juu ya gari lenye nguvu farasi 100, na gari likaelemewa.

Nikainama kutazama minyororo, na kumbe si minyororo! Ni mkanda mmoja mzima wa mpira, ndani umefumwa nyaya za chuma, katikati una meno ya chuma ya kuuongoza usichomoke. Hakuna pini za kupaka grisi, hakuna ule mlio wa chuma kusagana. Wazo la mkanda wa mpira lilienezwa na Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyekuwa fundi wa magari ya mfalme wa Urusi, Nicholas II. Baadaye alifanya kazi na Citroën, na magari yao ya mkanda yakavuka Sahara, kisha katika msafara wa 1924 na 1925 yakalikata bara letu mpaka Kampala. Pale msafara uligawanyika, kundi moja likashuka Mombasa na jingine Dar es Salaam. Kwa hiyo babu wa mkanda huu alishakanyaga vumbi letu! Mwaka 1931 jeshi la Marekani lilinunua gari la Citroën-Kégresse kulijaribu, na ukoo wa haftraki za Kimarekani ukaanzia hapo.

Udhaifu upo, na ukipanda unauona mara moja. Juu hakuna paa. Mbavu za gari zina chuma cha milimita sita tu. Zinazuia risasi za bunduki na vipande vya makombora, kombora la kifaru usiliulizie. Mtutu unageuka nyuzi kama 20 kushoto na 20 kulia, zaidi ya hapo dereva ageuze gari zima. Ukilitumia kama kifaru, unawaua watu wako, na Tunisia mwanzoni mwa 1943 hilo lilitokea.

Lakini El Guettar! Tarehe 23 Machi 1943, huko huko Tunisia, Divisheni ya 10 ya Panzer ilishuka bondeni na vifaru vyake, na kikosi cha 601 cha wawinda vifaru kikaipokea kwa magari haya. Wakatumia miinuko: gari linapanda mpaka mtutu uone, linapiga, linarudi nyuma kujificha, linaibukia pengine. Magari 21 yaliharibiwa, na hiyo ni bei kubwa sana. Ila vifaru vipatavyo 30 vya Wajerumani vilibaki bondeni, na shambulio likavunjika. Nilipokaa kwenye kiti cha dereva nikashika gia, ndipo nilipoelewa siku ile: kasi na wepesi wa kurudi nyuma ndiyo deraya yake halisi.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lilihamia gari jingine la kuwinda vifaru, M10, lakini askari wa majini wa Marekani, Marines, walikwenda na M3 Pasifiki, wakalitumia Saipan mwaka 1944 dhidi ya vifaru vya Wajapani na wakaendelea nalo hadi Okinawa.

Hukumu yangu naitoa bila kusita: katika haftraki zote zilizobeba mizinga ya kupiga vifaru, hii ndiyo bora, kwa sababu gari na mzinga vinaendana. Ziliundwa 2,202, kisha 1,360 kati yake zikavuliwa mizinga na kurudishwa kubeba askari. Ukibahatika kuliona moja lenye mzinga wake, usiishie kupiga picha. Omba upande, ukauzungushe ule mkono wa mlango.