Monita ya chogo au bapa: hesabu ya stesheneri za Kayanga

Mtu anayefungua stesheneri Kayanga, wilayani Karagwe mkoani Kagera, hapati taabu kuipata monita ya chogo. Imelala kwenye stoo za ofisi, kwenye kona za madarasa, na nyumbani kwa watu waliokwisha kuhamia kwenye laptopu. Mwenyewe huiachia kwa bei ya kutupa, wakati mwingine bure. Monita bapa ya mtumba, ile ya inchi 17 au 19 iliyomaliza muda wake katika ofisi za ng'ambo, inadai fedha taslimu. Kwa mwenye mtaji mdogo, ambaye akishanunua printa amebakiza fedha ya karatasi na wino tu, chogo inavutia. Mimi namshauri asiichukue, na hoja yangu kubwa si sura wala nafasi ya meza. Ni umeme.

Chogo ni chupa nene ya kioo iliyonyonywa hewa yote. Shingoni mwake kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto mpaka kitoe elektroni. Volti zipatazo 25,000 huzivuta elektroni hizo mbele, koili za shaba huziyumbisha kushoto na kulia, juu na chini, nazo hugonga unga wa fosfori uliopakwa upande wa ndani wa kioo, unga ukawaka. Kazi hiyo hurudiwa mara 60 mpaka 85 kwa sekunde, hata kama mbele yako kuna barua moja ambayo hujaigusa tangu asubuhi. Chogo ya inchi 17 hula kati ya wati 70 na 100. Bapa hairushi kitu: nyuma ina taa, na mbele ya taa kuna fuwele za kimiminika zinazopitisha au kuzuia mwanga. Bapa za mwanzo, zenye taa za mirija myembamba ya fluoresenti, hula wati 30 hadi 40. Zenye taa za LED, zilizoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 2000, hula wati 15 hadi 20 kwa inchi 19.

Sasa tuipeleke tofauti hiyo dukani. Stesheneri inayofanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ikiwa na chogo ya wati 80, inakula yuniti 20.8 za umeme kwa mwezi kwa monita peke yake. Bapa ya LED ya wati 18 inakula yuniti 4.7. Zinabaki yuniti 16. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO anayelipa kama shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo, hizo ni takriban shilingi 5,700 kila mwezi, karibu 69,000 kwa mwaka. Chukua bei uliyotajiwa ya bapa, igawe kwa 5,700. Jibu ni idadi ya miezi ambayo chogo ya bure itakuwa imekula fedha ileile. Baada ya hapo chogo inaendelea kula, bapa imeshajilipa.

Mwenye shaka anaweza kupima mwenyewe bila kununua kifaa chochote. Mita ya LUKU ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na usoni pake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila kilowati-saa: kuna za 1,000, kuna za 1,600, kuna nyingine. Zima kila kitu dukani, acha monita peke yake ikiwaka, kisha hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi mwingine. Kwa mita ya 1,000, chogo ya wati 80 hupepesa kila baada ya sekunde 45, na bapa ya wati 18 hukusubirisha sekunde 200. Kipimo hiki nakiamini kuliko kibandiko cha mgongoni. Kibandiko huandika ampea za juu kabisa ambazo kifaa kinaweza kuvuta, nazo mara nyingi ni mara mbili tatu ya matumizi ya kweli.

Hayo ni ya mwenye umeme wa gridi. Ukitoka mjini ukaelekea vijiji vya Kyerwa, wilaya iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, au umeme ukikatika hapo hapo Kayanga msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ya HESLB, wati huacha kuwa suala la bili na kuwa suala la kufanya kazi au kufunga duka. Kagera imeishi miaka mingi kwa umeme unaovuka mpaka kutoka Masaka, Uganda, hadi Kyaka, na wateja wanajua vizuri jinsi unavyokatika. Karagwe pia ina historia ya kujitegemea kwa nishati. Mapema miaka ya 1990 shirika la KARADEA lilianzisha hapa kituo cha mafunzo ya sola, na mafundi wakaja kujifunza kufunga paneli na betri wakati ambapo sehemu kubwa ya Tanzania vijijini ilikuwa bado inaijua taa ya chemli tu. Fundi wa sola huanza na swali moja: kifaa chako kinakula wati ngapi, na kwa saa ngapi?

Hebu tulijibu kwa betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100. Ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi na asidi ukiitumia zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 600. Inveta nayo hupoteza, tuseme asilimia 15, zinabaki 510. Kompyuta ya mezani ya zamani inakula wati 80. Ukiiweka na chogo, una saa tatu na dakika kama kumi za kazi. Ukiiweka na bapa ya LED, una saa tano na ushee. Betri ileile, paneli ileile, na umepata saa mbili za kuchapa kwa kubadilisha kioo tu.

Chogo ina kosa jingine kwenye sola ambalo wengi hulaumu inveta. Kila inapowashwa ikiwa imepoa, koili inayozunguka kioo huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi ili kuondoa usumaku ulioganda kwenye wavu wa chuma ulio ndani ya kioo. Ndio ule mngurumo unaousikia mara tu unapobonyeza swichi. Inveta ndogo ya wati 300, ambayo kwa hesabu ingetosha, hulia na kujizima. Mteja huambiwa anunue kubwa zaidi, na gharama hiyo nayo ni ya chogo.

Bapa inafungua njia ambayo chogo haiwezi kuifuata. Baadhi ya bapa ndogo hutumia adapta ya nje ya volti 12. Ukiwa na kompyuta ndogo ya wati 15 inayotumia volti hizohizo, unaweza kuacha inveta kabisa: wati 33 jumla, wati-saa 600, saa 18. Lakini soma adapta kwanza, kwa sababu nyingine zinataka volti 14 au 19, na usiunganishe betri moja kwa moja. Betri ikiwa inachajiwa hupanda kupita volti 14, na bapa ya volti 12 inahitaji kidhibiti cha volti katikati.

Haki ya chogo nayo isemwe. Kwa picha za pasipoti ilikuwa bora kuliko bapa nyingi za bei nafuu, na wapiga picha walioing'ang'ania hawakuwa washamba. Nyeusi yake ni nyeusi kweli, na rangi hazibadiliki ukiinuka au ukikaa upande. Bapa ya paneli ya TN, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye mitumba, humfanya mtu yuleyule aonekane mweupe ukiitazama toka juu na mweusi zaidi ukiitazama toka chini. Mchapaji husogeza mwanga wa picha kufuata kioo, na karatasi inatoka na sura isiyo ya mteja. Anayetegemea picha atafute paneli ya IPS, hata kama ni ndogo. Akikosa, aipindue TN mpaka macho yake yawe sawa na katikati ya kioo, na asiamini rangi kabla ya kuchapa nakala moja ya kujaribia.

Kosa kubwa zaidi la picha halitokani na paneli. Chogo hukubali ukubwa mbalimbali wa picha unaotumwa na kompyuta. Bapa ina idadi yake ya pikseli na haina nyingine. Monita pana ya 1366 kwa 768 ikiunganishwa na kompyuta ya zamani iliyowekwa 1024 kwa 768, kila kitu huvutwa pembeni kwa theluthi moja. Uso wa mteja unakuwa mpana. Mchapaji asiyejua huubana kwenye programu mpaka uonekane sawa, kisha printa inatoa uso mwembamba ambao ofisi ya uhamiaji ina kila sababu ya kuukataa. Herufi nazo hutawanyika, macho yanauma, na lawama inaenda kwa "hizi flati za mtumba". Dawa ni kuweka kompyuta kwenye kipimo asili cha kioo, na kama kadi ya picha haikiwezi, kuchagua bapa ya mraba ya inchi 17 yenye 1280 kwa 1024, ambayo kompyuta nyingi za zamani zinaimudu.

Ukienda kununua, washa na uache iwake nusu saa. Inayowaka sekunde mbili kisha ikawa giza ina taa zilizochoka au kapasita zilizovimba. Mulika kioo kwa tochi: ukiona picha kwa mbali, paneli ni nzima na ugonjwa uko kwenye mwanga. Kapasita fundi wa redio anazibadilisha kwa gharama ndogo, na monita ya namna hiyo ukiipata kwa bei ya kifaa kibovu ni ununuzi mzuri. Mstari wa wima usiotoka, au doa jeusi lililosambaa, usiulizie bei.

Kuna mahali chogo inafaa kubaki: palipo na umeme wa gridi na kazi ya saa moja kwa siku, kwa mfano ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) inayoingiza uzito wa kahawa jioni. Hapo tofauti ni kama shilingi 570 kwa mwezi. Studio ya redio kama FADECO ni habari nyingine, kwani koili za chogo hutupa mngurumo kwenye maikrofoni iliyo karibu.

Ikishakufa, isivunjwe uani kwa ajili ya shaba. Kioo chake kina risasi, kilo moja au zaidi, na chupa isiyo na hewa ikipasuka hurusha vipande kwa nguvu. Kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021 zinataka taka hizi zipokewe na wenye kibali. Mpaka mpokeaji apatikane, iwekwe mahali pakavu ikiwa nzima, kioo kikitazama ukuta, mbali na watoto na mbali na shimo la taka ambalo mvua za Karagwe hulisomba kuelekea mto Kagera.